Dawa ya kuvu ni kuvu: mganga anayeishi ndani ya mti

Msimu wa maembe ukifika, ukipita Kongowea asubuhi utayaona yamepangwa makreti kwa makreti, mengi yametoka Makueni. Yanang'aa, manjano kwa wekundu, hayana doa. Unanunua dazeni, unayaweka jikoni. Siku ya tatu yanaanza kutoa madoa meusi. Siku ya tano madoa yamekutana, nusu ya embe imelainika, na mama wa nyumba anamlaumu muuzaji kwamba kamuuzia mabovu.

Muuzaji hana kosa. Embe lilikuja na ugonjwa wake tangu mtini. Unaitwa chule, na wataalamu huuita antraknosi. Huletwa na kuvu, au fangasi kama tuzoeavyo kusema, wa jamii ya Colletotrichum. Kuvu hii huingia kwenye tunda likiwa bado changa na kijani, kisha inanyamaza. Haili, haionekani, inangoja. Tunda likianza kuiva na sukari ikapanda, ndipo inapoamka. Kwa hiyo embe linaweza kusafiri kutoka Makueni hadi Mombasa, likapita mikononi mwa watu watano, na hakuna hata mmoja aliyemwona adui aliyemo ndani.

Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Leo nataka tuitazame methali hiyo kwa upande wa pili: huenda na akuponyaye yumo nguoni mwako. Ndani ya miti ile ile ambayo bibi zetu waliichuma majani na magome kwa dawa, mna kuvu nyingine ambazo haziuguzi mti. Zinakaa humo kama wapangaji wema, na baadhi yake zina uwezo wa kuzuia kuvu zinazoharibu mazao. Watafiti wa Afrika Mashariki na kwingineko wanazitafuta. Jambo hili linatuhusu sisi wa Pwani kama linavyowahusu ndugu zetu wa bara.

Tuanzie Kilungu

Ukitoka Mombasa kwa basi kwenda Nairobi, ukishaipita Sultan Hamud, tazama mkono wako wa kulia. Milima unayoiona ndiyo Kilungu, katika kaunti ya Makueni. Kule juu ni baridi na kuna ukungu asubuhi. Chini yake, kuelekea Wote na ng'ambo ya Kitui, ni joto na ukame. Wakamba wa milima hiyo wamechonga matuta kwenye miteremko tangu zamani ili udongo usichukuliwe na mvua, na juu ya matuta hayo hulima mahindi, maharage, kahawa, parachichi na mboga.

Mkulima wa Kilungu anapigana na kuvu kila msimu. Kahawa ina ugonjwa wa buni uliotambuliwa kwa mara ya kwanza duniani hapa Kenya mwaka 1922, nao huletwa na binamu wa ile kuvu ya chule. Maharage yana kutu na kuoza mizizi, na nyanya zina baka na mnyauko. Dawa yake ya kawaida ni kemikali ya dukani, anayopuliza tena na tena mvua zikinyesha. Kemikali hiyo ina gharama, wengi huipuliza bila glavu wala barakoa, na mazao yakikutwa na mabaki yake kupita kiwango, soko la Ulaya huyakataa. Juu ya hayo, kuvu nazo hujifunza. Ukiipiga kwa dawa moja miaka nenda miaka rudi, zinabaki zile zilizozoea, na dawa haifanyi kazi tena.

Pembeni mwa mashamba hayo hayo kuna miti ya dawa. Kuna mukau, ambao ni wa ukoo mmoja na mwarobaini wetu. Kuna muuku, ambao magome yake yamepimwa na watafiti wa Kenya na kuonekana yanazuia kuvu. Kuna mukenea, ambao sisi tunauita mjafari, na magome yake hutafunwa na kuchemshwa huku Pwani kama huko Ukambani. Kuna kiluma, yaani mshubiri. Swali la watafiti ni hili: mti unaokaa miaka hamsini juani na mvuani, hauna kalamu wala kopo la dawa, unajilinda vipi?

Wapangaji wa ndani

Sehemu ya jibu ni kwamba mti una utomvu na kemikali zake mwenyewe. Sehemu nyingine ni kwamba mti hauko peke yake. Ukikata jani lolote lenye afya, la mwarobaini, la mwembe au la mkunde, ndani yake mna viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, nao huishi katikati ya chembe za mmea bila kuuletea ugonjwa. Mtaalamu wa mimea wa Kijerumani Anton de Bary alivipa jina mwaka 1866, na kwa Kiswahili tunaweza kuviita endofaiti, maana yake vilivyo ndani ya mmea. Vingine ni bakteria, vingine ni kuvu. Hapa tunazungumzia kuvu.

Mapatano yao ni kama ya mwenye nyumba na mpangaji. Mti unaipa kuvu makao na chakula. Kuvu nayo, katika hali nzuri, inalinda mlango. Njia za kulinda ziko nne, na inafaa kuzijua kwa sababu ndizo zinazotumiwa kutengeneza dawa.

Ya kwanza ni kujaza nafasi. Kuvu mbaya ikifika inakuta vyumba vyote vimeshapangishwa na chakula kimeliwa. Ya pili ni sumu. Baadhi ya kuvu hutoa kemikali inayosimamisha ukuaji wa jirani. Penisilini, dawa iliyookoa mamilioni ya watu, ilitoka kwa kuvu kwa njia hii hii. Ya tatu ni kushambulia moja kwa moja. Kuvu iitwayo Trichoderma huzinga nyuzi za adui, huzitoboa na kuzila. Ya nne ni kuamsha mmea wenyewe. Mmea ukihisi kuna mgeni ndani, hata mgeni mwema, huweka tayari silaha zake, na ugonjwa ukija baadaye hauukuti umelala.

Kuna mfano mmoja ambao watu wa karafuu na mdalasini watauelewa haraka. Katika mti wa mdalasini uliopandwa huko Honduras, kundi la mtafiti wa Kimarekani Gary Strobel lilikuta kuvu nyeupe, nao wakaiita Muscodor albus. Kuvu hii haina haja ya kumgusa adui. Inatoa hewa yenye harufu, na hewa hiyo pekee inaua kuvu nyingi zilizo karibu. Ilielezwa kisayansi mwaka 2001. Mdalasini wenyewe asili yake ni Sri Lanka, ulisambazwa na biashara ya Bahari Hindi, ile ile iliyoleta majahazi hapa kwetu.

Strobel na wenzake walikuwa wameshangaza watu hata kabla ya hapo. Mwaka 1993 walitangaza kwamba kuvu waliyoikuta ndani ya mti wa yew huko Marekani ilikuwa inatengeneza taxol, dawa ya saratani ambayo mti wenyewe huitengeneza. Kiasi kilikuwa kidogo mno, na taxol ya hospitalini leo haitoki kwa kuvu hiyo. Lakini swali lilibaki: huenda si kila dawa tunayosema ni ya mti ni ya mti peke yake. Ndiyo sababu watafiti wa kuvu hupenda kuanzia kwenye miti ambayo waganga wa kienyeji wameshaionyesha. Mganga amewapunguzia kazi ya miaka mingi.

Zinatafutwaje?

Kazi yenyewe si ya miujiza. Mtafiti huchuma jani, kijiti au mzizi kutoka kwenye mti wenye afya. Huosha kwa maji, kisha hutumbukiza kwa dakika chache katika spiriti na katika dawa ya klorini, jamaa wa hii tunayofulia nguo nyeupe. Shabaha ni kuua kila kilicho nje ya jani bila kugusa kilicho ndani. Halafu hulisuuza, hulikata vipande vidogo na kuviweka juu ya uji mgumu wa viazi na sukari katika kisahani. Baada ya siku kadhaa, nyuzi za kuvu zinachomoza kwenye kingo za vile vipande. Kila aina huhamishiwa kisahani chake, na jina lake hutambuliwa kwa umbo na kwa kusoma vinasaba vyake.

Kisha linafuata pambano. Katika kisahani kimoja, upande huu inawekwa kuvu ya mti wa dawa, upande ule inawekwa kuvu ya ugonjwa, tuseme ile ya chule au ya mnyauko. Siku zinapita. Kama ile ya ugonjwa inakua mpaka katikati kisha inasita, mtafiti hupima umbali kwa rula na kuandika. Zinazoshinda huendelea na safari: kwanza kwenye miche ndani ya banda, kisha shambani.

Hapo ndipo wengi huishia njiani. Kuvu iliyoshinda kisahanini inaweza kushindwa shambani, kwa sababu shambani kuna jua kali, ukame, na maelfu ya viumbe wengine wanaogombea mahali pale pale. Kwa hiyo ukisoma habari kwamba kuvu fulani ya mti wa dawa imezuia ugonjwa maabarani, furahi, lakini usitupe jembe.

Ushahidi uko Makueni kwenyewe

Je, kuna mahali ambapo kuvu imetumiwa kuzuia kuvu, shambani, na ikafaulu? Ndiyo, na si mbali na Kilungu.

Mwaka 2004 Ukambani ulipata msiba. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliingiwa na kuvu ya Aspergillus flavus, ambayo hutoa sumu ya aflatoksini, tunayoiita sumukuvu. Watu walikula ugali wao wa kila siku, wakageuka manjano, ini likashindwa. Hadi tarehe 20 Julai mwaka huo wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa na 125 kati yao wamekufa, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, katika Machakos ya wakati ule, wagonjwa 20 waliandikwa, na 12 walifariki.

Watafiti walipochunguza mahindi ya 2004 waligundua jambo la ajabu. Aspergillus flavus si moja. Kuna ukoo mkali unaotoa sumu nyingi sana, na ndio uliokuwa umetawala mashamba yale. Na kuna koo nyingine za kuvu hiyo hiyo, wenyeji wa udongo wa Kenya, ambazo hazitoi sumu kabisa. Basi wakasema, dawa ya moto ni moto. Wakachukua koo nne za Kenya zisizo na sumu, wakazipandisha juu ya punje za mtama uliouliwa usiote, wakaziita Aflasafe KE01. Kazi hiyo ilifanywa na taasisi ya IITA, idara ya kilimo ya Marekani na KALRO ya Kenya, na dawa hiyo hutengenezwa Katumani, Machakos.

Mkulima humwaga kilo nne kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Zile kuvu zisizo na sumu zinaamka mapema na kushika nafasi. Ukoo wenye sumu ukifika, unakuta nyumba imejaa. Sumu katika mahindi hupungua kwa asilimia 80 na zaidi. Dawa hii imetumika pia hapa kwetu, kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Bura na Hola, Tana River.

Tuwe wakweli: Aflasafe haikutolewa ndani ya mti wa dawa. Kuvu zake ni za shambani. Lakini inathibitisha jambo lililokuwa na shaka, kwamba kuvu ya kienyeji inaweza kuwekwa mfukoni, ikauzwa, ikamwagwa na mkulima wa kawaida na ikafanya kazi.

Kwa upande wa kuvu zinazoishi ndani ya mimea, nako hatuko mikono mitupu. Taasisi ya icipe, iliyoanzishwa na Mkenya Thomas Odhiambo mwaka 1970, ilionyesha mwaka 2014 kwamba kitunguu kilichopandikizwa kuvu fulani za ndani hakipendwi na chawa wa vitunguu: wanakula kidogo na kutaga mayai machache. Uganda, watafiti wa IITA walichukua kuvu kutoka kwenye migomba yenye afya na kuirudisha kwenye miche ya migomba iliyozalishwa maabarani, ili kuikinga na minyoo ya mizizi na fukusi. Mche wa maabara huzaliwa safi mno, hauna mlinzi yeyote, na walichofanya ni kumrudishia walinzi wake. Na dawa zenye Trichoderma tayari zimesajiliwa Kenya na zinauzwa.

Tahadhari

Sasa nisije nikaonekana nimeleta habari za mtu anayekwenda kutwanga majani ya mwarobaini na kuyamwagia nyanya akidhani amepandikiza kuvu. Maji ya mwarobaini yana kazi yake dhidi ya wadudu, lakini hilo ni jambo jingine. Kuvu ya ndani haihami kwa kutwangwa.

Pia si kila mpangaji ni mwema siku zote. Ile kuvu ya chule iliyonyamaza ndani ya embe changa, na jamaa zake, huonekana mara nyingi katika majani mazima kama endofaiti. Mti ukiwa na nguvu, wanakaa kwa adabu. Mti ukichoka kwa kiu, wanageuka. Nyingine ni njema kwa nyanya na adui kwa mgomba. Nyingine hutoa kemikali inayoua kuvu, na kemikali hiyo hiyo haimfai mtu. Ndiyo sababu kuvu ya kunyunyizia shambani lazima ipimwe na kusajiliwa na bodi ya kudhibiti viuatilifu, PCPB, sawasawa na kemikali. Anayekuuzia kopo lisilo na nambari ya usajili akakuambia "hii ni ya asili, haina madhara", mkimbie.

Na sisi wa Pwani tuna shida yetu ya ziada: joto. Kuvu ni kiumbe hai. Kopo likikaa wiki nzima dukani kwenye bati lenye joto, unachonunua ni maiti. Dawa ya namna hii inahitaji kivuli na tarehe, na hupuliziwa jioni jua likishapoa.

Ni mali ya nani?

Nimeacha la uzito mwishoni. Mtafiti anapofika Kilungu akaulizia mti wa dawa, nani humwonyesha? Mzee wa kijiji. Anapofika Kwale au Kilifi, anaonyeshwa na mzee wa kaya. Kuvu ikitoka kwenye mti huo ikawa dawa inayouzwa dunia nzima, yule mzee anapata nini?

Tusiseme ni mambo ya mbali. Viumbe vidogo vilichukuliwa kutoka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, na mwaka 2004 shirika la wanyamapori, KWS, lilijitokeza na madai kwamba vimeng'enya vilivyotokana na viumbe vya Ziwa Bogoria vilikuwa vikifanyiwa biashara na kampuni ya Marekani bila Kenya kupata haki yake. Kampuni ilijitetea. Somo lilibaki: kiumbe usichokiona kwa macho kinaweza kuwa na thamani kuliko tembo unayemwona.

Sheria zipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde maarifa ya jadi yanayohusu viumbe. Kanuni za mazingira za mwaka 2006 zinamtaka mtafiti apate kibali cha NEMA kabla ya kuchukua, na apate ridhaa ya wenyeji. Sheria ya mwaka 2016 inalinda maarifa ya kimila. Na Kenya imo katika Itifaki ya Nagoya kuhusu kugawana faida. Tatizo si karatasi. Tatizo ni kwamba mzee anayeonyesha mti hajui kuwa ana haki ya kuuliza: kibali chako kiko wapi, na tumeandikiana nini?

Lingine ni miti yenyewe. Mjafari unaochunwa magome pande zote hufa. Ukifa, hatupotezi dawa ya kikohozi tu. Tunapoteza na wapangaji wake wote, ambao pengine hakuna aliyewahi kuwahesabu. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008 kwa ajili ya utamaduni wake. Mimi naona ni ghala pia, na funguo ziko kwa wazee.

Basi tufanye lililo mkononi mwetu. Mkulima wa mahindi, kausha vizuri kabla ya kuhifadhi, na uulizie Aflasafe kwa afisa wa kilimo kabla msimu haujafika, si baada ya mbelewele kutoka. Mchuma dawa, chuna upande mmoja wa mti na uache mwingine upone. Vyuo vyetu vya Pwani, msiwaachie wa bara na wa nje peke yao: mwarobaini uko uani, mjafari uko Kwale, na chombo cha kuanzia ni kisahani na uji wa viazi. Na mzee wa kaya, au wa Kilungu, mgeni akija na kalamu, mkaribishe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kabla hujamwonyesha mti, mwombe kwanza akuonyeshe kibali.